Trebo ya Mzee M'Imanyara

Iko siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu, na kila nikianza kuisimulia, mke wangu Mama Mwenda hucheka kabla sijafika popote, kwa sababu anajua nitaishia kumtaja yeye. Mwache acheke. Nilikuwa kijana wa gitaa hapa Githongo, nywele zimesimama, suruali pana chini inafagia vumbi la soko. Siku hiyo nilikuwa kwenye jukwaa la mbao mbele ya maduka, mchana wa jua kali, nikimpigia Mzee M'Imanyara gitaa la pili.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Sisi wengine tulikuwa vijana wa kuchuma kahawa tu, akatutoa mashambani akatufundisha vidole vikae wapi. Na ndiye aliyekuwa na amplifaya, na hapa lazima nikueleze kidogo, maana siku hizi mtu anapiga gitaa kwenye simu. Amplifaya yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lililovikwa kitambaa cha kahawia mbele, zito, tukilibeba wawili na bado tunagombana njiani. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za kioo ambazo mafundi waliziita valvu. Ukiiwasha ulingoja kwanza zipate moto, ziwake rangi ya makaa, ndipo gitaa litoe sauti. Mzee aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye hoteli aliyekuwa anarudi kwao. Sauti yake ilikuwa tamu lakini ina ukali mwishoni, kama asali ya msituni inayokukwaruza koo baada ya kumeza. Sijasikia nyingine kama hiyo.

Usoni ilikuwa na vidude vya kuzungusha. Kimoja cha kuongeza sauti, kimoja cha besi, yaani ule mngurumo wa chini, na kimoja cha trebo, ile sauti nyembamba ya juu inayong'aa. Kidude cha trebo kilikuwa kimevunjika ukingoni, kina pengo dogo la kutosha ncha ya kidole. Likumbuke hilo pengo.

Basi masikio ya mzee yakaanza kuzeeka. Hakuna aliyeona yalivyoanza. Tuliona tu kwamba kila tukianza wimbo anageuka anaongeza trebo, na wimbo unaofuata anaongeza tena. Gitaa lililokuwa tamu likaanza kuchoma. Kwenye mazoezi kila mmoja wetu akawa na shughuli ya ghafla. Huyu amekumbuka kwamba mbuzi hajafungwa, yule anaenda kuangalia jenereta, mwingine amebanwa na mkojo kila wimbo ukianza. Mzee alidhani tumekuwa wavivu.

Kumwambia? Nani amwambie? Kwetu mtu wa rika la baba yako humwambii machoni kwamba mwili wake umeanza kumwacha. Ungeanzia wapi? Tukakaa pembeni tukapatana jambo la kijanja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama karibu na amplifaya, mzee akishaongeza trebo na kuwageukia watu, ningeirudisha taratibu, mgongo wangu ukiuficha mkono. Tukafanya hivyo harusi baada ya harusi. Watu wakafurahi, mzee akafurahi, nasi tukajiona watoto wenye adabu sana. Hata leo nasema tulifanya kwa upendo.

Sasa, siku ile ya jua. Kulikuwa na sherehe ya kufungua duka, watu wamejaa mpaka barabarani. Mzee alikuwa ameongeza trebo, nami nimeirudisha kama kawaida. Katikati ya wimbo akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, kidole gumba kikitafuta lile pengo. Pengo halikuwa pale alipoliacha. Nililiona bega lake likisimama. Akazungusha mpaka alipotaka, akapiga kidogo, kisha akageuka ghafla na kuukuta mkono wangu uko njiani.

Alimaliza wimbo, akapiga na mwingine, akawaaga watu vizuri. Ndipo akaniita nyuma ya duka, akakaa juu ya gunia la kahawa, mimi nimesimama nikingoja kofi.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mvua zile, mzee."

"Na wenzako wanajua?"

"Wanajua wote."

"Na hawa watu wanaocheza?"

Niliinamisha macho. Akachezea uzi wa gunia. Aliposema, alisema kwa Kimeru, nami nakupa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Macho yangu yangekuwa mabaya, mngenishika mkono mkanivusha mto. Masikio yamewakosea nini mpaka mkayaonea aibu? Mmeniheshimu, mmeniheshimu, mpaka nikabaki peke yangu. Na hata sikujua kwamba niko peke yangu."

Nililia pale, mwanangu, kijana mzima na suruali yangu pana. Yeye hakulia. Aliinuka akanigonga begani, akasema twende tukale, nyama zinapoa.

Tangu hapo hakuigusa tena trebo. Kabla ya kila wimbo alinigeukia, "Kijana, iko aje?" nami nikamwambia ukweli, na kazi ikaendelea. Lakini aliniambia mara moja, tukiwa tumekaa tu, kwamba sasa analisikia gitaa lake kama la mtu anayepiga nyumba ya jirani. Hakulalamika. Amplifaya ilikuwa moja, na ilikuwa lazima iwe tamu kwa watu. Yeye mwenyewe akakosa. Nilimwonea huruma bila kuelewa, maana masikio yangu yalikuwa bado yanasikia mpaka siafu wakitembea.

Alipofariki aliniachia lile sanduku. Nililipigia miaka mingi. Ndilo lililonipatia Mama Mwenda, na usimsikilize akikwambia ni sura yangu. Alikuwa kwenye foleni kiwandani na kikapu chake cha kahawa, sisi tunapiga upande wa pili wa barabara, nami nikapiga wimbo niliokuwa nimetunga wa wachumaji. Akatoka kwenye foleni. Msichana aache nafasi yake kwenye foleni ya kahawa! Nilijua hapo hapo. Wanawe wote wanaujua wimbo huo.

Kisha valvu zikaanza kufa moja moja, mafundi wa Meru mjini wakasema hazipatikani tena, na siku moja nilipoiwasha haikuwaka. Ikakaa stoo. Mama Mwenda akaona sanduku zuri linakaa bure, akatoa matumbo yake yote, akaweka nyasi, na kuku akaatamia humo. Niliruka kwa hasira. Vifaranga walitoka wazuri, lazima nikubali. Mimi niliokoa kile kidude cha trebo tu, kile chenye pengo, nacho hukaa kwenye mfuko wa koti langu la kanisani mpaka leo.

Haya, sasa nikulete huku karibu. Mwaka huu mimi na Mama Mwenda tumetimiza miaka hamsini ya ndoa, na watoto wakataka kufanya shukrani kanisani. Wakamuuliza mama yao anataka nini. Gauni? Keki ya ghorofa? Akasema hataki kitu. Anataka wimbo wa foleni, upigwe na baba yao, na usikike vile ulivyosikika siku ile. Basi.

Nikaona nimekwisha. Vidole bado ninavyo, ila sauti ile ilikuwa imeatamiwa na kuku.

Hapo ndipo akaingia Kendi, binti wa mwanangu Mwenda, anayesoma chuo kikuu kule Embu. Huyu mtoto ndiye pekee aliyerithi gitaa. Akaja nyumbani siku ya Jumamosi na kompyuta yake na kijisanduku kidogo kama redio ya mfukoni. Akafungua, na kwenye kioo nikaiona amplifaya ya Mzee M'Imanyara. Kitambaa ni kile cha kahawia, vidude ni vile, hata ile taa nyekundu ya pembeni. Nikanyoosha kidole gumba bila kufikiri, nitafute pengo. Kioo kilikuwa laini tu. Kendi aliniona, akatazama pembeni, mtoto mwenye moyo mzuri.

"Guka, hii ndio ile yako," akasema, maana babu huku huitwa guka. "Kuna watu walichukua amplifaya za zamani wakapima kila kitu. Valvu, spika, hata vile inakoroma ikipata moto. Halafu wakaziweka kwa kompyuta."

"Na valvu ziko wapi?"

"Hakuna valvu. Ni hesabu tupu."

"Hesabu inaweza kulia hivyo?"

"Piga uone."

Akachomeka waya kwenye gitaa langu, akatoa sauti kwenye spika aliyokuja nayo. Nikapiga. Mwanangu, ule mngurumo ulinifahamu. Ilikuwa kama kusikia mtu wa zamani akibisha hodi. Lakini haikuwa yenyewe. Ilikuwa imefifia juu, haina ule ukali wa asali.

"Ongeza trebo," nikamwambia.

Akaongeza.

"Bado. Ile ilikuwa inang'aa."

"Sawa, guka."

Tukafanya hivyo wikendi baada ya wikendi. Kendi alikuwa na uwezo wa ajabu kwenye kile kioo. Anabadilisha spika kubwa kwa ndogo, anazeesha valvu, anasogeza maikrofoni mbele na nyuma, na kila mara namwambia ongeza kidogo pale juu, naye anasema sawa guka. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa napata mzee wangu, na ujana wangu, na mjukuu wangu, vyote kwa waya mmoja. Nikamwita Mama Mwenda, ambaye Kendi humwita cucu, aje asikie, ila nikamwambia akae sebuleni nyuma ya pazia ili siku yenyewe awe na hamu.

Jumamosi iliyotangulia shukrani nikawaita wote uani wasikilize. Mama Mwenda kwenye kiti chake, Mwenda na mkewe, na jirani yetu Njeru, mtu wa Embu aliyeoa huku akasahau kurudi. Ilikuwa imetimia, ile sauti. Nilisikia inang'aa kama siku ile kiwandani. Nikaanza wimbo.

Sijafika mbali, Mama Mwenda akainuka. "Nimeacha githeri jikoni, isije ikaungua." Mwenda akasema anaenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Mkewe akamfuata amsaidie kuangalia. Njeru akatoa simu, akaitazama, akasema, "Hii ya muhimu, wacha niongelee hapo barabarani," na simu yenyewe haikuwa imelia. Akabaki Kendi, ananitabasamia, macho yanamtoka machozi, bega moja limeinuka kuziba sikio.

Vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Hizo safari nilizijua. Githeri, ng'ombe, simu. Mimi na wenzangu ndio tuliozibuni, mbuzi hajafungwa, jenereta, mkojo.

Nikaweka gitaa chini. "Kendi. Tangu lini?"

"Nini, guka?"

"Usinifiche, mama. Tangu lini?"

Akaanza kulia. "Tangu wikendi ya kwanza. Ile ya kwanza kabisa ndio ilikuwa sawa, guka. Cucu alisikia kutoka kwa sebule, akasema hiyo ndio. Halafu wewe ukasema ongeza, na mimi... ningekuambia aje?"

"Sasa iko aje? Niambie ukweli."

"Inachoma. Kama mtu anakwaruza sufuria na kijiko."

Nilicheka, mwanangu, kwa sababu nisingecheka ningemtisha. Kisha nikachukua panga nikaenda kupogoa kahawa, na nikaipogoa vibaya, ile miti inanidai mpaka leo. Niliumia. Sikuumizwa na mtoto. Nilikuwa nimeelewa jambo. Sauti iliyokuwa tamu kwa Mama Mwenda, mimi naisikia imefunikwa blanketi. Ile niliyoisikia mimi inawachoma watu. Nikimpigia mke wangu wimbo wake vizuri, mimi sitausikia tena, si siku ile wala siku nyingine. Nilisimama kati ya kahawa nikamwita Mzee M'Imanyara kwa jina lake, kwa sauti, nikamwambia pole. Nilikuwa nimechelewa sana kumwambia.

Niliporudi nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia Kendi airudishe ile ya kwanza, ya watu, nami nitapiga kwa kukumbuka. Akaitikia. Lakini asubuhi yake, kabla ya chai, akaniita mezani na hedifoni mkononi, zile kubwa za kufunika masikio.

"Guka, amplifaya ya mzee wenu ilikuwa ngapi?"

"Si nilikuambia. Moja."

"Hii si sanduku. Naweza kukuwekea mbili. Gitaa ni moja, unapiga mara moja. Moja inaenda kwa spika, ya cucu na watu. Nyingine inakuja hapa, yako peke yako, na hakuna mtu inachoma."

Akanivika hedifoni. Akanipigia sauti nyembamba moja moja, ananiuliza hii unaisikia, na hii, na pale nisiposikia anaongeza taratibu, uvumilivu wa mtu anayelisha mtoto. Kisha akasema nipige.

Nilisikia ukucha wangu ukigusa waya. Nilikuwa nimesahau kwamba ukucha una sauti. Nikasikia ule ukali wa mwisho, ule wa asali, na nyuma yake kile kikoromo cha valvu ambazo hazipo. Niliweka mkono usoni nikalia mbele ya mjukuu wangu, na Mama Mwenda akatoka jikoni akauliza nani amekufa.

Siku ya shukrani nilisimama mbele ya kanisa kwa suti na hedifoni kichwani, na watu wakacheka, hata pasta. Mzee mzima amevaa kama kijana wa bodaboda. Acha wacheke. Nikapiga wimbo wa foleni kuanzia mwanzo. Ila kulikuwa na tatizo moja, kwamba ndani ya zile hedifoni sikusikia kitu cha nje. Nilikuwa na sauti yangu, nzuri kabisa, lakini sikujua watu wanapata nini. Mkono ukaniingia mfukoni kati ya ubeti na ubeti, nikagusa pengo la kile kidude. Kisha nikainua macho nikamtafuta mke wangu, nisome usoni mwake kama iko sawa.

Mama Mwenda alikuwa amesimama. Ametoka kwenye kiti cha heshima alichopambiwa na watoto, amesimama katikati ya kanisa na mkoba wake mkononi, kama alivyosimama na kikapu. Hakukumbuka githeri yoyote.

Sasa mwanangu, nisikilize, ndio maana nimekushika muda wote huu. Utakuwa na vifaa ambavyo hatukuviota, vinavyorudisha vitu tulivyodhani vimekufa. Vitumie, usivione haya, na usimsikilize mzee anayekwambia kwamba hesabu haiwezi kulia. Lakini kabla ya kumrekebishia mzee wako kitu chochote, kaa chini naye, umwambie kilichopungua. Umwambie polepole, mkiwa wawili, na baada ya kumwambia usiondoke. Usimzungushie kidude mgongoni ukaita hiyo adabu. Ukishamwambia ndipo utajua cha kumtengenezea, kwa sababu Kendi hangeniwekea ile ya pili kama singejua kwamba ninaihitaji. Na wewe siku ukiambiwa, uruhusiwe kwenda kupogoa kahawa vibaya kidogo, halafu urudi.

Njoo karibu, nyoosha mikono, nikutemee mate ya baraka kama tulivyotemewa na waliotutangulia. Mungu akupe masikio marefu ya ujana. Akupe wimbo mmoja wa kumtoa mtu kwenye foleni. Na siku masikio hayo yatakapoanza kukuacha, kama yanavyotuacha wote, asikukoseshe mtu mmoja atakayebaki amekaa kwenye kiti chake, asiende kuangalia ng'ombe, akushike mkono akuambie iko aje.